Mama Yangu Aliombewa Ugonjwa Asiokuwa Nao

Oma Syul mpendwa,

Pole na kazi ya kutusikiliza wote hapo redioni, bibi yetu. Mimi ni msichana wa darasa la kipaimara hapa Tomohon, na nakuomba unishike mkono kabla ya Jumapili hii, kwa sababu Jumapili hii jumuiya yetu nzima inakuja nyumbani kwetu kumshukuru Mungu kwa kumponya mama, na mama hakuwa mgonjwa. Mimi ndiye niliyesema anaumwa.

Nisamehe nikirefusha. Ninaweza kusema nikiandika tu, kwa mdomo siwezi. Shuleni wananifundisha kwa Kiindonesia na Kiingereza, nyumbani tunasema Kimanado, lakini mtu akinitazama usoni lugha zote zinanikimbia kwa pamoja, ndiyo maana wanajumuiya hutania kwamba mtoto wa mama mwimbaji alizaliwa bila sauti kwa kuwa ya mama yake inatosha nyumba nzima.

Ilianza darasani. Mchungaji wetu, ambaye ni mwanamke na hupenda kutuuliza maswali yasiyo na jibu kwenye kitabu, alikuwa anatufundisha juu ya siku ya pumziko, akasema kupumzika si kukaa bure kwa kuwa duka limefungwa, ni kuuweka mzigo chini kwa makusudi wakati bado ungeweza kuubeba, kwa kuwa unaamini dunia haitaanguka ukiuachia. Halafu akataka kila mmoja aseme ni nani anapumzika nyumbani kwao Jumapili. Refly akasema kwao baba yake anapumzika tangu Jumatatu, watu wakacheka. Ilipofika zamu yangu nikafikiria, baba hagusi shamba la maua, jembe limeegemezwa ukutani, toroli limepinduliwa chali chini ya mkarafuu, na mama... nikakwama hapo, nikasema, "Toroli." Wakacheka tena, ila mchungaji hakucheka. Aliniambia nikasome ile amri polepole, nione ametajwa nani, kisha akatuagiza wote tuje tueleze darasani jinsi nyumba zetu zitakavyopumzika.

Nikaisoma, Oma. Ametajwa mwana wa kiume, wa kike, watumishi, mnyama wa kufugwa, hata mgeni aliyeko mlangoni. Nikatafuta mama yuko wapi, sikumwona.

Wewe ni mtu wa huku huku, unajua Jumapili zetu. Sisi tukimpenda Mungu tunapika. Mtoto akizaliwa ni ibada, akitimiza mwaka ni ibada, mtu akinunua pikipiki ni ibada, na kila ibada ina nguruwe na jodari wa moshi na wali wa ndani ya mianzi, na nyuma ya kila sufuria kuna mama. Wiki nzima mama anafunga maua ya kibanda chetu cha barabarani, Jumamosi ndiyo usiseme, watu wanataka ya kanisani na ya makaburini, halafu Jumapili anaamka kabla ya jogoo atupikie, anaenda kuimba kwaya, akitoka anaenda jikoni kwa yeyote mwenye zamu ya ibada ya jumuiya, anapika huko, anaimba huko, anaosha vyombo vya watu huko, anarudi anaulizwa chakula cha jioni ni nini. Na mimi ndiye ninayemwuliza.

Basi Jumapili ile ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mume wa Tante Altje, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Tulipotoka kanisani mama akanituma nitangulie nikaseme anabadilisha viatu tu anakuja. Nikageuka mlangoni, nikamwona amekaa kwenye ngazi ya nyuma, kiatu kimoja amevua, mguu ameushika mkononi, anautazama tu, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. Sikuwahi kuona mguu wa mama ukiwa umevimba hivyo, au labda nilikuwa sijautazama.

Nikavuka barabara. Jikoni kwa Tante Altje kulikuwa na moshi na wanawake tele. Tante Altje akanyoosha upawa kwangu akaniuliza mama yuko wapi, pilipili inamngoja. Wote wakanitazama. Nilitaka kusema mama anapumzika, naapa Oma, neno lilikuwa tayari mdomoni, lakini hebu wewe lijaribu neno hilo mbele ya wanawake wanaokatakata vitunguu ambao hakuna hata mmoja wao anayepumzika. Nikasema, "Anaumwa." Wakauliza nini, nikasema kichwa. Nikakimbia nyumbani, nikamwambia mama kwamba mikono kule imetosha, Tante Altje amesema usije, lala kidogo.

Mama akashangaa. "Altje amesema hivyo? Altje huyu huyu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akavua kiatu cha pili.

Alilala kwenye benchi la mianzi, miguu nje, mdomo wazi. Nilikaa kando yake nikimfukuzia nzi kwa karatasi ya matangazo ya kanisa. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Baba alikuwa ng'ambo kwenye ibada na gitaa lake, nyumba ilikuwa kimya, ukungu ulishuka kutoka mlima Lokon ukakaa kwenye maua, na mimi nikafikiri labda hii ndiyo yenyewe, hii ndiyo siku aliyoisema mchungaji, na kwamba Mungu naye amekaa hapa na sisi hana haraka. Nilifurahi sana, Oma. Hilo nalo linanisumbua, kwamba nilifurahi.

Halafu kipaza sauti cha kwa Tante Altje kikaanza maombi, na Om Noldy, mzee wa kanisa wa jumuiya yetu, akamtaja mama kwa jina lake lote, akamlilia Mungu amwondolee ugonjwa uliompiga ghafla. Mama hakuamka. Wa kwanza kufika alikuwa baba, pekupeku, gitaa likiwa bado shingoni, uso umembadilika rangi, na nyuma yake jumuiya nzima na masufuria yaliyofunikwa majani ya migomba, wakiimba taratibu ule wimbo wa vitandani kwa wagonjwa. Mama akafumbua macho, akaona nyuso zote zile zimemwinamia, akauliza, "Nani amekufa?"

Om Noldy akamwambia hakuna aliyekufa, tumekuja kwa ajili yako. Mama akataka kuinuka awapikie kahawa, wakamzuia, wanawake wote kwa pamoja, lala, lala. Ndipo akanitazama kupitia bega la Tante Altje. Nilijua amejua. Nikangoja aseme. Akarudisha kichwa kwenye mto, akavuta shuka hadi kidevuni, akasema, "Ni kichwa tu. Kimeshaanza kuachia." Om Noldy alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso wake wakati mama anayasema hayo. Mama yangu, ambaye akikosea noti ya wimbo hukiri mbele ya kwaya, alimdanganya mzee wa kanisa kwa ajili yangu.

Om Noldy akasema Mungu amejibu upesi, na kwa kuwa zamu ya ibada inayofuata ni ya nyumba hii, tutaifanya ibada ya shukrani ya kupona. Baba akafuta macho akaahidi nguruwe. Wote wakasema amina.

Tangu siku hiyo mama hajaniambia neno juu ya jambo hilo, si kwa wema si kwa ubaya. Ananiita kwa lile jina letu la kumbembeleza binti, "Keke, lete uzi," "Keke, angalia mvua," basi. Na ameanza maandalizi. Masufuria makubwa yameazimwa, mianzi imekatwa, pilipili zinatwangwa, maua nayo hayangoji. Nilitaka apumzike siku moja, nikamwongezea kazi ya wiki nzima.

Na kuna jambo la baba. Baba alikuwa hajui hata kiberiti kinawekwa wapi. Sasa kila asubuhi anaamka anamchemshia mama maji ya kuoga, anabeba ndoo mwenyewe, anauliza, "Kichwa vipi leo?" Mama anajibu nafuu, anatazama pembeni. Jana nilimkuta baba anaosha vikombe, akaniambia nisimwambie mtu. Naogopa akijua mama hakuumwa ataacha.

Nikisema, mama ataonekana mwongo mbele ya kwaya yake, maana alisema kwa kinywa chake. Nikinyamaza, wote tutainamisha vichwa tumshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakukifanya, na Yeye anajua. Na baada ya hapo nitasimama darasani kueleza jinsi nyumba yetu ilivyopumzika, na baadaye nitasimama mbele ya kanisa kuweka ahadi ya kipaimara kwa mdomo huu huu.

Mama hakosi kipindi chako cha Jumatano, hukusikiliza akifunga maua, na sasa ni likizo, mimi huwa nimekaa karibu yake nakata vikonyo. Ukiona vema, isome barua hii. Nitakuwepo.

Asiye na sauti,
Tomohon


OMA SYUL ANAJIBU

Keke,

Majina nimeyabadilisha yote, ingawa tusidanganyane: wanajumuiya wenu wakisikia habari ya gitaa shingoni watajua ni nani. Wewe ulijua hivyo ulipoandika, ukaniandikia.

Nilicheka pale mama alipouliza nani amekufa. Nilicheka hadi mjukuu wangu akaja kuchungulia. Lakini pale penye mguu sikucheka. Niliishusha barua mezani nikatazama wangu.

Sasa nikugombeze kwanza, maana unastahili. Ulimdanganya jirani, ukavuka barabara ukamdanganya mama yako, na kwenye viatu kulikuwa bado na vumbi la kutoka kanisani. Uongo wako ulikuwa mdogo, ukaona utatosha kufunika benchi moja la mianzi. Hukukumbuka unaishi wapi. Hapa kwetu ukisema mtu anaumwa, haachwi alale, anafuatwa. Ungesema mama amesafiri, ningekuelewa zaidi, ingawa ningekugombeza vilevile.

Haya, nimemaliza kugombeza. Sogea karibu.

Umesoma amri ukatafuta mama yuko wapi hukumwona. Rudi uisome tena, mwanangu. Wa kwanza kutajwa ni "wewe". Wewe usifanye kazi, halafu ndipo wanafuata wana na watumishi na mnyama. Na huyo "wewe" ni nani? Baba yako alilisikia akadhani anaambiwa yeye, akaegemeza jembe. Mama yako alilisikia akadhani anaambiwa baba yako. Nyumba ngapi zimeisikia hivyo hivyo tangu bibi zetu wabatizwe? Hakusahaulika. Ameitwa wa kwanza, tena kwa heshima, ila hajageuka kwa kuwa anakoroga sufuria.

Na nitakwambia kwa nini "anaumwa" ilitoka na "anapumzika" ikakwama. Hiyo si aibu yako peke yako. Sisi wanawake wa mlima huu tumekubaliana bila kukaa kikao kwamba mwenzetu ataruhusiwa kulala mchana akiwa mgonjwa au akiwa amejifungua. Mimi nilipotolewa kifuko cha nyongo hospitali nilifurahi kimoyomoyo, Mungu anisamehe, kwa sababu kulikuwa na pazia na hakuna aliyeniuliza chumvi iko wapi. Kwa hiyo wanawake wa jikoni kwa Altje wasikutishe, nao walihitaji kulisikia hilo neno lililokwama. Lakini pumziko halichukuliwi kwa wizi, Keke. Lile ulilompa mama lilikuwa la wizi, ndiyo maana halikukaa, ndiyo maana watu walikuja na masufuria kulidai. Mtu aliyepumzika kweli anaweza kuamka, akawatazama wageni, akasema, nilikuwa nimelala, karibuni, kahawa mtajichemshia.

Sasa fanya hivi.

Ibada isifutwe. Watu waje. Ila kwanza utazungumza na mama yako. Usifikiri unakwenda kumpa habari, habari anayo. Anakungoja. Alibeba uongo wako akaufanya wake mbele ya mzee wa kanisa, na hawezi kuutua mpaka wewe ushike upande wako. Ukimya wake usikutishe, si hasira. Mtu mwenye hasira hakuiti Keke.

Kisha baba, na mwende wawili pamoja, wakati amekaa mbele ya moto anangoja maji yachemke. Unaogopa ataacha? Mwanaume akishajua kiberiti kiko wapi hawezi kurudi kutokujua. Huyo alivuka barabara pekupeku, mwanangu. Hakuogopa ugonjwa, aliogopa kumkosa mama yako. Anaweza kukasirika kidogo. Mwacheni akasirike, maji yatakuwa yanachemka huku. Halafu mwulize kama miguu iliyochoka haihitaji maji ya moto kuliko kichwa kinachouma.

Kisha nendeni wote watatu kwa Om Noldy kabla ya Jumamosi. Asisikie mbele za watu, hiyo ni heshima yake. Atakohoa, atawaombea kwa kirefu. Akikataa kuelewa mleteni kwangu, nilimfundisha shule ya Jumapili nami nakumbuka yaliyompata siku ya igizo la Krismasi.

Nguruwe abaki hai. Ametajwa kwenye amri, mnyama yule, naye ana siku yake. Masufuria yarudishwe kwa wenyewe. Jumamosi baba na wewe mtachemsha ndizi na kuandaa kahawa, mengine hakuna, na kila mtu aje na kikombe chake na aondoke nacho kikiwa kichafu. Atakayelalamika kwamba shukrani bila nyama si shukrani, mwambieni Oma Syul amemsikia.

Mama akae mbele, kwenye kiti chenye mgongo. Na Om Noldy atakapouliza tunashukuru kwa nini, hapo ndipo utasimama wewe. Najua. Sikwambii utoe hotuba. Utasema, "Mama yangu hakuwa mgonjwa, alikuwa amechoka, nikaona aibu kusema hivyo," kisha ukae. Sauti ya kusema hayo unayo, ni ile ile uliyosemea "anaumwa", nayo ilifika hadi kwenye kipaza sauti. Hapo mtamshukuru Mungu kwa kitu alichokifanya kweli, kwamba mama alilala usingizi mzuri mchana kweupe na dunia haikuanguka. Wanawake watainamisha macho. Usiogope. Watakuwa wanatazama miguu yao.

Na mchungaji akikuuliza nyumba yenu ilipumzika vipi, mwambie bado mnajifunza. Atafurahi zaidi kuliko ungemletea Jumapili isiyo na doa.

Limebaki moja. Uliomba niisome barua, na utakuwa umekaa kando yake. Nilikuelewa vizuri sana, Keke. Ulitaka mimi nikusemee ili wewe usiseme. Nimekubali nusu tu. Mlango nimekufungulia, kuingia utaingia mwenyewe.

Na wewe mama, ambaye sasa hivi mkono umesimama kwenye uzi na hutaki kuinua macho: huyo binti yako alikufukuzia nzi. Alikuona. Maua hayo yatangoja, na yasipongoja yatanyauka, ni maua. Yaweke chini. Nyoosha miguu.

Mimi nimemaliza. Keke, zima redio, umgeukie.